Machozi Niliyoyaita ya Furaha

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Riyadh, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio kama wa msichana aliyeitwa ngomani. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mdomo mwepesi, kicheko karibu. Siku hiyo nilishangiliwa kama bibi harusi, na siku hiyo hiyo nikamtia mtoto wa watu shimoni.

Mimi ni Mishi, mtu wa Likoni. Darasa langu la mwisho ni la tano, kwa hivyo usinitafutie maneno ya vitabuni. Nitasema kama tunavyosema jikoni, na majina nitayataja. Watu wanapenda kuniambia yaliyopita si ndwele. Nami huwajibu kwamba ndwele nyingine zilikuwa na walioziambukiza, na hao walikuwa na majina.

Wakati huo nilikuwa msafishaji katika majumba ya ofisi kule Olaya, kabla ya hizi treni zenu za siku hizi. Kampuni ilituweka wanawake katika jumba moja la orofa mbili: Wakenya chini, Wafilipino juu. Ijumaa hatukwenda kazini, lakini lango lilifungwa na ufunguo ulikaa kwa mushrifu wetu, Abu Turki, msimamizi aliyetupanga kazi na kutupangia hata usingizi. Huyo ni wa kwanza katika orodha yangu. Ukimjibu alikupeleka kusugua vyoo vya chini, kule ambako dawa ya klorini hukaa kifuani wiki nzima ukikohoa.

Kazini nilipangwa na Mfilipino mmoja aliyenizidi miaka kama ishirini. Jina lake Nena, nasi sote tulimwita Ate Nena, kwani ate kwao ni dada mkubwa. Miaka mitatu tuliosha vioo pamoja, yeye akinisemesha kwa lugha ya kwao nami nikimjibu kwa ya kwetu, mpaka siku moja nikajikuta namjibu kwa yake. Sikuandikiwa hata herufi. Lugha ile iliniingia pamoja na harufu ya sabuni.

Sasa ndipo ikaja hiyo filamu. Mmoja wa Wafilipino aliletewa sidii kutoka Manila, filamu ya maisha ya mjini kwao, na ate zetu wakatukaribisha orofa ya juu tutazame wote. Mwanangu, wewe una simu mfukoni, huwezi kujua ile ilikuwa furaha ya namna gani. Tuliamka asubuhi tukasonga unga wa mahamri. Tulisukana. Kuna waliovaa madira waliyoyaweka kwa safari ya kurudi nyumbani. Wafilipino walipika tambi sinia nzima, wakatandika mashuka sakafuni, wakaweka televisheni juu ya kabati. Tukajaa mpaka mlangoni, Wakenya upande huu na Wafilipino upande ule, tukapigana vikumbo kama watoto wa chuo.

Nami ndiye niliyeombwa nitafsiri, maana hakukuwa na mwingine.

Kumbe hawakujua wamempa nani kazi ile. Likoni, nikiwa mwanamwali, nilikuwa nikiuza viazi karai mlangoni mwa ukumbi wa video. Mle ndani alikuwako kijana na kipaza sauti, filamu ya Kichina au ya Kihindi ikienda, naye anaitia Kiswahili chake. Muuaji humwita jina la polisi wa mtaani, mpenzi humtia maneno ya taarabu, na watu wanakufa kwa kicheko. Niliisikia kazi hiyo miaka mitano huku nikigeuza viazi. Basi nilipokaa kando ya ile televisheni na macho arubaini yakinitazama mdomo, nilijiona mimi ndimi mimi.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mmoja, Marisel, anaishi na babake mzee katika kibanda cha mbao kando ya mfereji wa maji machafu. Anafua nguo za watu mpaka vidole vinachubuka. Mzee hawezi kutembea, anakaa kutwa kwenye kiti cha plastiki. Jiji linataka kupitisha barabara pale. Wenye vibanda wamepewa karatasi: atakayengoja nayo mpaka siku ya kubomoa, atapewa nyumba nje ya mji. Siku hazijabaki nyingi. Ndipo anapokuja bwana mmoja, shati limepigwa pasi, anamwambia Marisel ungojee nini, nipe hiyo karatasi, mimi nina chumba katikati ya mji, leo hii unaingia.

Nilianza vizuri, nikatafsiri neno kwa neno. Wenzangu walijiona mle, ile mikono iliyochubuka ilikuwa mikono yao. Zawadi wa Taveta akasimama, akajifunga leso. "Mishi, shida niliziacha kwetu, na nyingine ziko hapo chini chumbani. Za tatu nitazitazama za nini?" Akaondoka. Wa pili naye akaanza kujikuna-kuna atafute kisingizio.

Mwanangu, mwenye kuzoea sifa ni kama mwenye kuzoea sukari. Niliogopa kuachwa na watu. Nikatia kamzaha kadogo, kwamba yule bwana wa pasi manukato yake yanawafukuza mbu wa mfereji. Wakacheka. Nikatia kengine. Wakapigana makofi ya mgongoni. Zawadi alisikia kicheko akarudi. Hapo nikaiacha filamu iende kwake nami nikashika yangu. Yule tapeli nikambatiza jina, Bwana Neema. Majirani waliokuwa wakimwonya Marisel asitoe karatasi, mimi nikasema wanamwonea kijicho. Marisel alipotoa karatasi mkono ukimtetemeka, nikasema anatetemeka kwa hamu.

Filamu ikafika mwisho wake. Chumba hakipo, bwana hayupo, kibanda kimebomolewa, mvua inanyesha. Mzee ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya barabara, sufuria mapajani, na Marisel amesimama nyuma yake amemfunika kwa mikono miwili. Magari yanawapita. Basi. Ate Nena na wenzake wakaangua kilio, kilio cha msiba hasa.

Wangu wakanigeukia. Wanalia nini?

"Machozi ya furaha hayo," nikasema. "Wanangoja lori la Bwana Neema liwahamishie chumba kipya."

Vigelegele vilipasua ule mji, mwanangu. Upande huu watu wanacheza chakacha, upande ule watu wanafuta kamasi, na televisheni katikati haijui imsikize nani. Ate Nena akaniuliza kwa lugha yake watu wangu wanafurahia nini. Nikamwambia kwetu mtu akiguswa sana hupiga vigelegele. Uongo wa pili huo, na wa kwanza haujapoa.

Sasa katika wale waliopiga vigelegele alikuwako binti wa Kilifi aitwaye Kadzo. Miaka ishirini na miwili, mpole, anacheka kwa kufunika mdomo. Abu Turki alimchukia kwa sababu siku moja alikataa kumpelekea chai ofisini peke yake, na tangu hapo alimpanga vyoo vya chini kila siku. Mkataba wake wa miaka miwili ulibakisha miezi minne tu. Akimaliza, kampuni ingempa karatasi ya kutoka na tikiti, arudi kwa mamake na jina safi. Lakini dereva wa gari la kampuni, Mkenya mmoja jina lake Elvis, na huyu ni wa pili katika orodha yangu, alikuwa akimnong'oneza langoni kwamba kuna Dada Tabitha huko Jeddah anawapa wasichana kazi katika nyumba nzuri. Ungojee nini, alimwambia, miezi minne na kifua hicho kinachokohoa? Na kila mtu alijua sheria. Ukitoroka, unaandikiwa hurubu, kwamba umemkimbia kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini, na ikama yako, kibali chako cha kuishi, inakufa. Hapo kwenu huendi, na hapa huishi.

Kadzo alikuwa njia panda. Tulijua wote. Baada ya filamu, watu wakila tambi, akaja akachutama mbele yangu.

"Dada Mishi, kwa hivyo yule aliitoa karatasi yake, na mambo yakamnyookea?"

Pale palikuwa pangu. Pale ningeweza kusema, Kadzo, nilikuwa natania, tuzungumze kando. Lakini watu walikuwa wanatusikia na sifa bado zilikuwa moto.

"Si umeona kwa macho yako?"

Akacheka, akafunika mdomo, akaenda kuosha sinia.

Jumanne kitanda chake kilikutwa kimetandikwa na hakina mtu. Alikuwa ameingia katika gari la Elvis na mifuko ya nguo chafu. Abu Turki akatupanga mstari uani, akasema Jumamosi asubuhi atasoma majina, na asipoitika Kadzo ataandika hurubu yake kabla ya kunywa kahawa. Jioni hiyo Zawadi akapigiwa simu na Kadzo, anacheka, anasema yuko Jeddah, mtaa wa Karantina, mlango wa buluu kando ya duka la mafriji ya mtumba, na mchana wamekula kuku. Zawadi akanieleza kwa furaha, akaongeza: "Umeona, Bwana Neema wake amepatikana."

Kesho yake asubuhi, mwanangu, nilimtafuta Ate Nena.

Nilimweleza ukweli wote, tukiwa juu ya ngazi tunafuta vioo. Hakunitukana. Aliteremka, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniambia kwamba kile kiti cha plastiki kwao kila mtu anacho, na kwamba dada yake mwenyewe alikaa juu yake barabarani. Halafu akaniuliza nitafanya nini. Swali hilo lilinichoma kuliko tusi.

Mungu hamtupi mja wake. Wiki hiyo kampuni ilikuwa inawapeleka Waislamu Makka kufanya Umra kwa basi, kutoka Jumatano alasiri na kuondoka Makka Alhamisi baada ya Alasiri. Nikajiandikisha. Kiongozi wa safari akakusanya ikama zetu zote akazitia katika mkoba wake, ndiyo desturi ya safari hizo, ili vizuizini aoneshe mara moja. Nikampa yangu bila kufikiri.

Nilifanya Umra yangu nikilia. Nilipomaliza nikaenda kunywa zamzam, bilauri mkononi, najisemea kwa Kiswahili kama mwendawazimu, Ya Rabi nisaidie nimpate. Sauti ikasema nyuma yangu: "Umpate nani, mwanangu?"

Alikuwa mama mtu mzima mweupe, uso wa Kiarabu, lakini Kiswahili chake cha Unguja kitupu. Bi Salma. Wazee wake walitoka Zanzibar mwaka sitini na nne, naye yu mtoto wa mgongoni, wakaishia Jeddah, mtaa wa Hindawiyah. Nikamwaga yote pale pale sakafuni. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua buibui lake. Nilipofika kwenye machozi ya furaha, akanishika kidevu, akaniinua uso.

"Sikiza, Mishi. Waongo nimewaona wengi, na uongo mwingi hulala papo hapo ulipozaliwa. Wako wewe una miguu, umetoka Riyadh umefika Karantina. Mtu akikuuliza njia, hujui, mwambie sijui. Ukiwa waijua, mwanzie mashimo, maua atayaona mwenyewe. Wewe mwenzio kakuuliza njia, ukampa maua peke yake kwa kutaka upigiwe makofi. Haya ndiyo makofi yako. Yafaa kitu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi futa makamasi. Said yupo nje na gari."

Said ni mwanawe. Hapo mambo yakaanza kwenda mbio, mwanangu, wala sikuwahi kuogopa na kufurahi pamoja kama siku ile. Gari lenye mama mtu mzima askari hawalisumbui, tukateremka mpaka Jeddah adhuhuri hiyo. Njiani Bi Salma akatunga mpango wake, huku akila tende. Yeye ni bibi wa Kiarabu anayetafuta mtumishi. Mimi ni mkaza mwanawe, bubu wa aibu, nimejifunika nikabu mpaka kope. Said akacheka akaniambia, bibiye, leo tumefunga ndoa bila mahari.

Mlango wa buluu tuliuona. Kichochoro cha Karantina kilikuwa na maji yaliyotuama na mafriji yaliyong'olewa milango, yamepangwa kama majeneza. Tabitha mwenyewe alitufungulia. Huyu ni wa tatu, na ndiye mkubwa wao. Mwanamke mnene wa Nairobi, kucha ndefu, Kiarabu chake cha kuokota sokoni. Akatukaribisha madam, madam, akatupangusia makochi. Ndani walikuwa wasichana saba wamekaa sakafuni, simu zao katika sahani moja juu ya televisheni. Kadzo alikuwa wa tatu kutoka dirishani, na alikuwa ameketi wima kama mtoto anayetaka kuchaguliwa na mwalimu.

Bi Salma akawakagua kwa Kiarabu cha kununa. Huyu mrefu, huyu macho yake yako juu, huyu sijui. Kisha akamwonyesha Kadzo kidole. Tabitha akasema sawa, madam amjaribu siku mbili, ndivyo ilivyo kawaida, lakini lazima aache rehani. Bi Salma akavua bangili yake ya dhahabu, akaitupa mezani kama ganda la njugu.

Kadzo akaenda kuchukua mfuko wake. Hapo Tabitha akamgeukia Elvis, ambaye hakuwa amerudi Riyadh tangu amlete Kadzo, amesimama mlangoni akila mishikaki, akamwambia kwa Kiswahili mbele yetu, maana alidhani sisi ni Waarabu.

"Huyu shosho wacha acheze naye siku mbili. Akirudi tunampeleka kwa wale majamaa wa gereji, bado ni fresh. Na hii bangili haitoki tena hapa, si unaona kazee kenyewe hakaoni?"

Elvis akacheka mpaka nyama ikamkwama. Chini ya nikabu nilijiuma ulimi nikaonja damu. Bi Salma hakupepesa hata jicho. Alisimama, akamtazama Tabitha juu mpaka chini, akasema shukran kwa sauti tamu, akatoka akimtanguliza Kadzo. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilijilazimisha kutembea kama mke wa mtu.

Gari lilipoondoka nikavua nikabu. Kadzo akapiga ukelele, akanikumbatia, kisha akaona ninavyolia akajiondoa. Nikamweleza tunakwenda stesheni, apande basi la Riyadh jioni hii, Jumamosi aitike jina lake. Ikama alikuwa nayo bado, aliificha ndani ya soksi. Nikamweleza maneno ya Tabitha, na wale wa gereji.

Mwanangu, alikataa.

Stesheni tulifika, mabasi yananguruma, naye ameshika kiti cha gari kwa mikono miwili. Alisema Tabitha amemlisha vizuri. Alisema mimi nimeona wivu kwamba yeye amethubutu. Bi Salma akajaribu, akamjibu kwa adabu kwamba yeye hamjui. Nikaapa kwa niliyoyasikia kwa masikio yangu. Ndipo aliponitazama usoni, akaniambia neno ambalo mpaka leo likinijia nikikatakata vitunguu huweka kisu chini.

"Nikuamini lipi, Dada Mishi? La leo au la Ijumaa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Said akatazama saa. Alinikumbusha taratibu kwamba nisipoondoka sasa hivi basi la kampuni huko Makka litaniacha, na ikama yangu imo katika mkoba wa kiongozi. Ningeweza kuondoka, mwanangu. Ningesema nimefanya langu, mtoto amekataa, sikio la kufa halisikii dawa. Bi Salma hakuniambia kaa wala nenda. Alikunja buibui lake, akalikunjua.

Nikamwambia Said azime gari. Nikamwambia Kadzo nitamhadithia ile filamu upya, yote, na bado akitaka kurudi kwa Tabitha, Said atampeleka.

Nikaihadithia. Sikutia mzaha hata mmoja. Nilianza na mfereji, nikaeleza vidole vya Marisel. Nikasema majirani walisema nini hasa walipomwonya, na jinsi yule jirani mkongwe alivyomshika nguo asiende, naye akamkung'uta. Nikaeleza alivyogonga mlango wa chumba ambacho hakikuwapo, akafunguliwa na watu wengine wanaokula chakula chao. Nje watu walikuwa wanapakia mizigo, adhana ya Alasiri ikapita, mimi nasema tu. Nikafika barabarani, mvuani.

"Hakikuwa kilio cha furaha," nikamwambia. "Hakukuwa na lori. Nilitaka mnipigie makofi."

Kadzo akauliza: "Na yule mzee? Alipata pa kulala?"

"Sijui. Inaishia hapo."

Akainama, akavuta soksi, akatoa ikama yake. "Hii sasa ndiyo yafanana na kweli," akasema. "Kweli haina mwisho mzuri." Akafungua mlango wa gari.

Bi Salma alimkatia tikiti, akamketisha mbele kwenye viti vya familia, akamkabidhi kwa mama mmoja wa Kisudani. Kadzo hakunipungia mkono. Basi lilipoondoka nililikimbilia mpaka langoni kama kichaa, nikilipigapiga ubavuni kwa kiganja, sijui kwa nini. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu, nacheka na kamasi zinanitoka.

Tulirudi Makka kwa kasi. Basi la kampuni lilikuwa limekwenda, na ikama yangu imekwenda nalo; bila hiyo vizuizini sipiti, Riyadh sifiki.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, nikiwa jikoni kwa Bi Salma hapo Hindawiyah, simu ya Said ikalia. Ate Nena, niliyekuwa nimempa nambari ile. Alisema kwa haraka, lugha yake na Kiarabu na kicheko vyote pamoja. Kadzo aliingia Ijumaa lango lilipofunguliwa kwa gari la maji, na ate zetu wakamficha orofa ya juu. Asubuhi Abu Turki alisoma majina. Aliposoma Kadzo alitulia, akaishika kalamu, na kutoka mwisho wa mstari sauti ikaitika naam. Akasoma tena asiamini, akaitikiwa tena. Wakenya wote wakapiga vigelegele, na safari hii Wafilipino nao wakavijua vya nini. Nilimwinua Bi Salma nikamzungusha jikoni mpaka akanitishia mwiko. Kisha Ate Nena akamalizia lililobaki. Kwa hasira zake Abu Turki alinitafuta mimi mstarini, asinione, akaandika hurubu yangu badala yake, wala hakutaka kusikia habari ya basi.

Miaka minne niliishi bila karatasi katika nyumba ile, sipiti barabara kubwa, mamangu akafa Likoni nikamzika kwa simu. Halafu serikali ikatoa msamaha, mwanawe Bi Salma akawa kafili wangu, na ndiyo maana mnaniona bado niko Jeddah nikiwapikia ninyi vijana wa kwetu mliokuja kazini. Bangili haikurudi. Bi Salma hakuitaja mpaka alipoiaga dunia. Kadzo alimaliza miezi yake, akapewa tikiti yake, akafika kwa mamake. Hajanipigia simu hata siku moja, na simlaumu.

Abu Turki, Elvis, Tabitha: nimewataja, na nitawataja mpaka nife. Lakini siku ya kuhesabiana nikiulizwa nani aliyemfungulia Kadzo lango, jina la kwanza litakuwa langu. Wao walimwonyesha mlango tu. Mimi nilimwambia una nyumba nyuma yake.

Ndiyo sababu nakushika mkono leo, mwanangu, wewe unayekata kwa simu yako vipande vya maisha ya watu ukavitia muziki na kuvituma kwenu. Nyanya yako aliyeko Kaloleni anavitazama, na mdogo wako anayechora ramani ya safari yake ya kuja huku anavitazama. Ulimi hauna mfupa, na kwa hivyo wewe ndiwe utakayekuwa mfupa wake. Ukihadithia dhiki ya mtu, ihadithie na uzito wake, hata wasikilizaji wakikuinukia mmoja mmoja. Anayeondoka kwa kuchoshwa na kweli atarudi kukuuliza siku atakapokuwa njia panda. Anayekaa kwa utamu wa uongo hatarudi, kwa sababu hatakuwa na njia ya kurudia. Na ukiona umeshakosa, usitume salamu. Nenda wewe mwenyewe, ukaseme nilidanganya, useme mbele yake aliyedhurika, na ukae mpaka akuamini, hata basi lako likikuacha.

Mungu akupe ulimi ambao mtu atauegemea asianguke. Akupe wa kukukemea ungali na nguvu za kukimbia kurekebisha. Na kila utakayemwelekeza njia, afike salama kwa mamake, hata asipokukumbuka. Amin, mwanangu, amin.